Walipofunga vituo tulinyamaza: niliyosema kwenye darasa la vijana Tongoni

Wengi mmeniomba niyaandike haya niliyosema kwenye darasa la vijana wa tawi letu. Wachache mmeniomba nisiyaandike. Nayaweka kama nilivyoyasema, nimepunguza tu utani na zile dakika za kutafuta nani ana chaja.

   

Ratiba inasema mada ya leo ni uhuru wa kukutana na kujumuika. Mada hii mmeisikia mara nyingi, na najua tukianza kutaja ibara za Katiba nusu yenu mtafungua simu. Kwa hiyo naileta kwa njia nyingine. Juzi usiku kiongozi wangu mmoja, kaka ninayemheshimu sana, alinipigia akaniambia, "Mdogo wangu, iache hiyo, itatukosesha kura." Nikamjibu, kaka, kama kuna haki ambayo tunaogopa hata kuitaja kwa sababu ya kura, basi hiyo ndiyo ya kufundishia darasa.

Leo nazungumzia historia ya vituo vya mashoga. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Kwanza neno lenyewe. Hapa Tanga mimi nikimwita mwenzangu "shoga yangu", hakuna anayeshtuka. Bibi zetu wameitana hivyo miaka yote, maana yake rafiki wa kike. Neno hilo hilo likielekezwa kwa mwanamume linakuwa tusi, na linaweza kumfanya mtu apigwe. Mimi nitalitumia kwa sababu ndilo watu wanalo mdomoni, lakini kwangu leo si tusi.

Pili, sikuja kumfundisha mtu dini yake. Mimi nimesoma madrasa hapa hapa, na mwalimu wangu yupo, anaweza kuwaambia nilikuwa mtoto wa namna gani. Kila mtu hapa ana imani yake kuhusu jambo hili, abaki nayo. Nimekuja kuzungumzia mlango. Nani ana haki ya kufungua chumba, kuweka viti na kukaa na wenzake? Na nani ana mamlaka ya kukifunga?

Chuoni na nyumbani

Jambo hili lilinianzia chuoni. Mwaka wa pili tulikuwa na mashindano ya mahakama ya mfano. Kesi tuliyopewa ilitoka Kenya: watu walitaka kusajili asasi ya haki za mashoga na wasagaji, Bodi ya serikali ikakataa, wakaenda mahakamani. Mimi nikapangiwa upande wa Bodi. Nikasimama nikasema, "Waheshimiwa majaji, huwezi kusajili chama cha wezi." Ukumbi ukapiga makofi. Tukashinda.

Likizo nikarudi Tongoni. Kuna kaka mmoja tuliyekua naye jirani, nitamwita Fundi kwa sababu anashona, na yeye ndiye aliyenishonea sare zangu za sekondari. Ameniruhusu niyaseme haya bila jina lake. Nilimkuta amelala, amekonda, kikohozi hakimwachi. Mama yake akaniambia alikwenda zahanati moja, ambayo siitaji, kupima na kuulizia dawa. Aliyempokea alimtazama anavyotembea na anavyozungumza, akawaita wenzake waje kuona. Wakamuuliza maswali ya kumdhalilisha mbele ya wagonjwa wengine. Akaondoka, hakurudi tena, wala hakwenda kwingine.

Yule mama akaniuliza swali moja. "Mwanangu, wewe si unasoma sheria? Hakuna sheria inayosema mtoto wangu atibiwe?"

Jamani, mimi nilikuwa na cheti cha ushindi kwenye begi. Sikuwa na jibu.

Ndiyo nikaanza kusoma upya, safari hii si kwa ajili ya makofi. Nikajua kwamba kumbe ukanda wetu huu una historia ya vyumba vilivyofunguliwa na kufungwa, na kila kimoja kilifungwa kwa namna yake.

Mtwapa: mlango uliofungwa na umati

Tuanze kwa majirani. Ukitoka hapa ukapita Tanga mjini, ukavuka Horohoro, ukapita Ukunda na Likoni, ukavuka Mombasa mjini kwenda kaskazini, unafika Mtwapa. Wengi wenu mna ndugu huko. Watu wa kule wanasema Kiswahili kama chetu na wanakula samaki kama wetu.

Mtwapa kulikuwa na kliniki ya utafiti ya KEMRI, yaani taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba. Tangu mwaka 2005 watafiti wa KEMRI pale Pwani walikuwa wanawapima, kuwafuatilia na kuwatibu wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Kabla ya hapo watu wengi Afrika Mashariki, hata wenye elimu, walikuwa wanasema watu hao kwetu hawapo. Huwezi kumkinga na UKIMWI mtu unayesema hayupo. Kliniki ile ilikuwa moja ya sehemu za mwanzo kabisa katika pwani ya Waswahili ambapo mtu wa namna hiyo aliweza kuingia, akakaa kwenye benchi, akamwambia daktari ukweli.

Februari 2010 ukaenea uvumi kwamba wanaume wawili wanataka kufunga ndoa Mtwapa. Harusi yenyewe hakuna aliyeiona. Lakini uvumi hauhitaji kadi ya mwaliko. Maneno yakapita mitaani, yakaingia kwenye mimbari, yakafika redioni. Ijumaa ya tarehe 12 Februari umati wa mamia ya watu ukaizingira kliniki, wengine na fimbo na mawe, wakitaka mashoga watolewe. Watu walipigwa. Polisi wakawachukua waliokuwa wanatafutwa, na baadaye wakawaachia.

Fikirieni hapo. Waliokwenda kutafuta vidonge vya kuwaweka hai waliondoka kwenye gari la polisi. Ungekuwa wewe, wiki inayofuata ungerudi?

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hiki hakisimuliwi sana. KEMRI haikuhama. Mombasa tayari kulikuwa na kikundi kinaitwa PEMA Kenya, kilichoanzishwa mwaka 2008 na mashoga wenyewe wa pale. Miaka iliyofuata watafiti na watu wa PEMA walianza kukaa na viongozi wa dini, mashehe kwa wachungaji, kwenye mafunzo na mazungumzo. Hawakuwaomba wabadilishe dini yao. Waliwaeleza jinsi virusi vinavyosambaa, na wakawakutanisha ana kwa ana na watu waliokuwa wakiwahubiria dhidi yao. Si wote waliobadilika. Mwaka 2015 Human Rights Watch pamoja na PEMA walitoa ripoti kuhusu ukatili dhidi ya mashoga pwani ya Kenya, na ukatili bado ulikuwepo. Lakini walikuwepo pia viongozi wa dini walioanza kusema hadharani kwamba kumpiga mtu haikubaliki, awe nani.

Kwa hiyo mlango uliofungwa na umati unaweza kufunguliwa tena kwa maneno na uvumilivu, hata kama ni kidogo kidogo.

Kwetu: mlango uliofungwa kwa tamko

Sasa turudi nyumbani. Hapa umati haukuhitajika.

Na sisi tulikuwa na vituo. Havikuwa na mabango makubwa. Vilikuwa vyumba vya kawaida ambavyo asasi za afya ziliviendesha kwa fedha za wafadhili, na serikali yetu wenyewe ilikuwa inajua, kwa sababu mipango ya taifa ya kupambana na UKIMWI iliwataja watu walio kwenye hatari kubwa zaidi: wanaofanya biashara ya ngono, wanaojidunga dawa za kulevya, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Mtu akiingia kule anapimwa, anapewa kondomu, anaelekezwa pa kupata dawa, na kama hana pa kwenda mchana huo anakaa tu na wenzake.

Mwaka 2016 hali ikaanza kugeuka. Julai serikali ikapiga marufuku vilainishi vilivyokuwa vinagawiwa kwa ajili ya kinga. Februari 2017 Waziri wa Afya wa wakati ule, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, ambaye baadaye mwaka 2020 alikuja kuwa mbunge wetu wa Tanga Mjini, akatangaza kusimamisha vituo 40 vya namna hiyo. Sababu iliyotolewa ni kwamba vinahamasisha ushoga.

Vituo arobaini. Sasa mimi kama mwanafunzi wa sheria nauliza swali la kawaida kabisa: kwa kifungu gani?

Kanuni ya Adhabu tunayo. Tulirithi kwa Waingereza, ni ya mwaka 1930, na Kenya nao walipewa yao mwaka huo huo. Kifungu cha 154 kinaadhibu kile kinachoitwa kuingiliana kinyume cha maumbile, na adhabu yake kwetu ni kali mno: kifungo cha maisha, na isiyopungua miaka 30. Kifungu hicho, mtake msitake, kipo. Lakini kisomeni. Kinaadhibu kitendo. Hakisemi ni kosa kupima damu. Hakisemi ni kosa kukaa kwenye kiti, kupewa ushauri, au kuwa na rafiki. Na mtu anayetuhumiwa kwa kitendo ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa, iko ibara ya 13 ya Katiba yetu. Vituo 40 vilifungwa kwa tamko, na kosa la mahakamani halikuthibitishwa.

Mtasema, basi wangekwenda mahakamani. Walijaribu! Tarehe 17 Oktoba 2017 watu walikutana kwenye hoteli moja Dar es Salaam, wakiwemo mawakili, wajadili uwezekano wa kuishtaki serikali kuhusu kuzuiwa kwa huduma hizo. Polisi wakaingia, wakawakamata watu 13. Kosa lililotangazwa ni kuhamasisha ushoga. Asasi ya CHESA iliyoshiriki mkutano ule ikasimamishwa. Wageni, mawakili kutoka Afrika Kusini na mwenzao Mganda, wakafukuzwa nchini.

Naomba mlisikie hili taratibu. Walikamatwa wakiwa wanazungumza na wakili wao kuhusu kufungua kesi. Sijui kwenye sheria kuna mlango gani wa ndani zaidi ya huo.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akatangaza kuunda kamati ya kuwasaka mashoga na akawaomba wananchi wamtumie majina. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Lakini majina yalikuwa yameshaanza kutumwa. Jirani anamtuma jirani. Mpangaji anamtuma mwenye nyumba aliyemdai kodi.

Mimi wakati ule nilikuwa sekondari. Nilikuwa nashika simu ya dada yangu. Picha ya kijana mmoja ilipita kwenye kundi la WhatsApp, na maneno ya kumcheka chini yake. Niliisambaza. Sikumjua, na mpaka leo simjui. Nasema haya ili msidhani nimekuja hapa nikiwa msafi.

Sisi watu wa Tongoni tunaishi jirani na magofu. Tunajua maana ya tongo: mahali watu walipokaa, kisha wakahama. Kufunga chumba hakuwafuti waliokuwa ndani. Wanahama, wanajificha, na wengine wao wana wake na watoto majumbani. Mwenye virusi akipata dawa na kuzimeza vizuri, virusi hufubaa hadi asiweze kumwambukiza mwenziwe kwa ngono. Akiogopa kuja, virusi vinaendelea na safari, na haviulizi kadi ya chama wala dini ya mtu. Mwaka 2020 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu jambo hili hili hapa Tanzania. Ujumbe wake ulikuwa ule ule wa mama yake Fundi: wasipopata huduma, watakufa.

Nairobi: mlango uliofunguliwa na mahakama

Sasa ile kesi niliyoishinda kwa makofi.

Mwanasheria wa Kenya, Eric Gitari, alitaka kusajili asasi ya kutoa msaada wa kisheria kwa mashoga na wasagaji. Akapeleka majina kwenye Bodi ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali. Bodi ikakataa yote. Mwaka 2013 ikamwambia wazi kwamba Kanuni ya Adhabu inakataza mambo hayo, na kwamba kanuni za usajili zinaruhusu kukataa jina lisilofaa.

Gitari hakuvunja kiti cha mtu. Alikwenda mahakamani. Tarehe 24 Aprili 2015 Mahakama Kuu ikasema Bodi imekosea. Bodi ikakata rufaa. Machi 2019 Mahakama ya Rufani ikasema Bodi imekosea, majaji watatu kwa wawili. Bodi ikakata tena. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema Bodi imekosea, tena watatu kwa wawili. Miaka kumi, ngazi tatu za mahakama, kwa ajili ya jina tu kwenye rejista.

Na ile hoja yangu ya chama cha wezi? Kasoro yake ni hii. Chama cha wezi kingekuwa na lengo la kuiba. Asasi ya Gitari lengo lake lilikuwa msaada wa kisheria. Majaji walio wengi walisema kwamba sheria ya jinai inaadhibu vitendo fulani. Haimfanyi mtu kuwa mhalifu kwa vile alivyo, wala haimnyimi haki ya kujumuika. Atakayevunja sheria ashtakiwe kwa alichofanya. Hata mfungwa wa Maweni pale ana haki ya kuonana na wakili. Sasa iweje mtu ambaye hajashtakiwa hata kwa kuiba kuku anyimwe hata haki ya kuandikisha jina?

Nisiwadanganye, hukumu ile haikuhalalisha ushoga Kenya. Vifungu vya adhabu bado vipo. Mahakama Kuu ilivibakiza Mei 2019 kwenye kesi nyingine. Baada ya hukumu ya 2023 watu waliandamana, na Rais Ruto alisema anaiheshimu mahakama lakini mila na dini za Kenya hazikubali jambo hilo. Mbunge mmoja akaomba mahakama iipitie upya hukumu yake, ombi likatupwa Septemba mwaka huo huo. Na hayo yote, kaka zangu, ndiyo demokrasia. Waliokasirika waliandamana. Walioshinda walipata haki ya kusajiliwa. Hakuna aliyehitaji kufungwa mdomo ili mwingine azungumze.

Na sisi?

Kuna atakayeuliza, dada, sisi chama cha siasa hili linatuhusu nini? Nitajibu kwa hadithi ya mbali kidogo, kwa sababu kituo cha kwanza maarufu cha namna hii duniani hakikuwa Nairobi wala Mtwapa. Kilikuwa Berlin, Ujerumani.

Mwaka 1919 daktari anayeitwa Magnus Hirschfeld alifungua taasisi yake pale. Kulikuwa na vyumba vya matibabu, maktaba, mihadhara ya wazi, na mashoga waliokuja kutoka kila upande kutafuta ushauri. Alikuwa pia akidai kifungu cha sheria ya Ujerumani kilichowaadhibu kifutwe. Ilidumu miaka kumi na minne.

Januari 1933 Hitler akapewa ukansela. Wakomunisti wakawa wa kwanza kukamatwa. Machi bunge likampa Hitler madaraka ya kutunga sheria bila bunge, na chama cha SPD peke yake ndicho kilichopiga kura ya hapana. Tarehe 2 Mei vyama vya wafanyakazi vikavamiwa. Tarehe 6 Mei ikavamiwa taasisi ya Hirschfeld. Tarehe 10 Mei vitabu vyake vikachomwa uwanjani. Tarehe 22 Juni SPD ikapigwa marufuku. Tarehe 14 Julai ikatoka sheria: chama ni kimoja tu.

Sisemi yote yalianza kwa mashoga. Ninachosema ni kwamba yote yalitokea ndani ya nusu mwaka, na aliyefunga kimoja ndiye aliyefunga vyote. Na mnajua asubuhi ile ya tarehe 6 Mei waliovamia taasisi ya Hirschfeld kwanza walikuwa nani? Wanafunzi wa vyuo. Vijana. Walikuja na bendi ya matarumbeta. Umri wangu mimi. Pengine walikuwepo wa sheria.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2016, mwaka ule ule walipoanza kubana huduma zile, mikutano yetu ya hadhara ilizuiwa. Nje ya kampeni za uchaguzi hatukuruhusiwa kusimama jukwaani mpaka Rais Samia alipoondoa zuio hilo tarehe 3 Januari 2023. Mnakumbuka wazee wetu wa tawi walivyokuwa wanakaa vikao kama watu wanaogawana mali ya wizi? Kwetu walisema ni amani. Kwa wale walisema ni maadili. Maneno mawili, lakini kalamu ni moja: tamko la mkubwa, bila hukumu, bila kusikilizwa.

Sisi tulipiga kelele kwa ajili yetu. Kwa wale tulinyamaza, na wengine tukacheka. Tukaona afadhali wanashughulikiwa wao. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, ndivyo walivyosema wahenga. Sisi tulimshikia kinyozi kioo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, makamanda, na hakuna hata moja linalomtaka mtu abadilishe imani yake.

La kwanza: picha ya mtu au jina la mtu likipita kwenye kundi likisema huyu ni shoga, likufikie wewe lifie hapo. Usilisambaze. Kama wewe ni msimamizi wa kundi, lifute.

La pili: serikali ikifunga kikundi chochote, kiwe cha dini, cha wavuvi, cha wasanii, cha watu unaowapenda au usiowapenda, uliza maswali matatu. Ni kwa sheria gani? Waliofungiwa walisikilizwa? Na nani anafuata? Mkizoea kuuliza hivyo kwa ajili ya mtu mnayemchukia, siku yenu mtakuwa mmeshakuwa na ujuzi.

La tatu: mtu akikwambia ameaibishwa hospitali, usimwambie "ulitegemea nini?" Nenda naye. Tu. Kaa naye kwenye benchi.

Mimi nilikwenda na Fundi. Mama yake akatutangulizia dua, tukapanda daladala, tukaenda hospitali nyingine. Nilivaa sare ya chuo, suti nyeusi, makusudi. Nilikaa pembeni yake saa nne nzima. Aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, hakuuliza la ziada, akamwita "baba" kama anavyowaita wote. Alianza dawa wiki ile. Mungu si Athumani, leo anashona. Hii nguo niliyovaa ni kazi yake.

Mama yake bado ananidai jibu la kisheria, na sasa ninalo nusu: Katiba yetu inamthamini mwanawe kama mtu, na hakuna kifungu kinachomruhusu yeyote kumnyima dawa. Nusu iliyobaki ni nani atakayelisema hilo mahakamani bila kukamatwa. Hiyo si kazi yangu peke yangu.



Baada ya hotuba: Wawili walitoka katikati, mmoja akarudi kufuata begi lake akabaki amesimama mlangoni mpaka mwisho. Kijana mmoja akaniuliza mbele ya wote, "Dada, sisi tukishika dola, hao watu wakija kuomba usajili, tutawasajili?" Nikamjibu kwamba tutawapokea kama tunavyotaka sisi tupokelewe: tutasoma katiba ya asasi yao, tutaangalia lengo lake, na tukiwakataa tutawapa sababu kwa maandishi waende nayo mahakamani. Hakuridhika. Amesema Jumamosi ijayo anakuja na hoja zake zimeandikwa. Njooni mumsikilize.